Karatina Haijibu

Nimefanya kazi na wajinga wengi maishani, lakini wale wa Nyeri walikuwa wajinga wenye kamati. Mjinga mmoja unaweza kumkwepa. Ukikuta wajinga wamechaguana, wamepeana viti, mmoja ni mwenyekiti na mwingine ni makamu wake, hapo huna pa kukimbilia. Unaketi tu na unalipwa mwisho wa mwezi.

Kilikuwa chama cha ushirika cha wakulima, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Tuliuza mbegu, mbolea na dawa za kunyunyizia mimea, na ofisi zetu zilikuwa tatu: kubwa pale Nyeri mjini, moja Karatina karibu na soko, na nyingine Kagio, kule Kirinyaga kwa watu wa nyanya na mpunga. Mimi nilikuwa karani wa kompyuta pale Nyeri. Nilikuwa nimepanga chumba Gatitu, nikienda kazini kila asubuhi kwa miguu na kurudi jioni nikiwa na hasira, nikiongea peke yangu njiani hadi watu wakanizoea.

Kompyuta zenyewe zililetwa na wafadhili. Sijui nani aliwaambia kwamba mkulima wa Karatina anayetafuta mbegu za kabeji anahitaji kompyuta, lakini zilikuja, moja kwa kila ofisi, zikaunganishwa kwa laini za simu. Fundi aliyezifunga alitoka Nairobi na tai shingoni, akatusalimia bila kututazama. Siku ya kuondoka alimwonyesha meneja wetu kitu kimoja tu: namna ya kujua kama mashine iliyo mbali inafikika.

Ni kitu rahisi sana. Unafungua ile sehemu nyeusi ya kioo, unaandika ping, unaacha nafasi, unaandika namba ya ile mashine nyingine, unabonyeza. Mashine yako inatuma kipande kidogo cha habari. Ikiwa laini ni nzima na ile nyingine imewashwa, inakirudisha, na kioo kinaandika kwa Kiingereza kwamba jibu limefika. Ikiwa imezimwa, au laini imekatika, kioo kinaandika kwamba muda umekwisha. Basi. Haijui ni nani ameketi mbele yake. Pangelala paka juu ya kiti ingejibu vilevile.

Sasa, meneja wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Watu wote walimwita Mwalimu, hata mwenyekiti wa chama, hata mkewe. Maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya watoto kila asubuhi akiita rejista: jina, "nipo", jina, "nipo", na asiyejibu anatafutiwa kiboko. Kustaafu kulimnyima raha hiyo. Kwa hivyo fundi alipobonyeza na ile mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, jibu, jibu, jibu, nilimwona Mwalimu akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa amepata wanafunzi tena.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi baada ya chai, aliniondoa kwenye kiti changu, akaketi yeye, akavaa miwani na kuandika kwa kidole kimoja huku akitoa ulimi kidogo. Halafu anaita kwa sauti ya gwaride:

"Kagio!"

Mistari inashuka.

"Yuko. Karatina!"

Kioo kinatulia. Kinatulia tena. Muda umekwisha.

"Hayuko," anasema, akigeuka kututazama sote kana kwamba sisi ndio tumemficha. "Karatina hajibu. Huyu mama ni mtoro."

Mtoro! Mtu mzima, mama wa watoto, anaitwa mtoro na kompyuta.

Mama huyo, aliyeshika ofisi ya Karatina peke yake, nilimfahamu vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea karatasi na utepe wa printa. Alitoka magharibi, upande wa Kakamega, akaja huku na mumewe aliyekuwa polisi. Mume akahamishwa kaskazini, akaandika mwanzoni, kisha akanyamaza. Mama akabaki Karatina na binti yake mkubwa, aliyekuwa Kidato cha Nne katika shule ya kutwa pale pale mjini, na mwanawe mdogo wa kiume. Binti alikuwa na kichwa chepesi, walimu wake walisema hivyo, na alikuwa ameshaandikishwa kufanyia mtihani Karatina. Mwaka huo ulikuwa wake.

"Hii kazi ikienda, nyumba inaenda," mama aliniambia siku moja, akipima mbegu kwa kijiko na kuzifunga kwenye vikaratasi. "Nyumba ikienda, tunarudi kwa wakwe. Na kule hakuna mtu atamwacha msichana asome. Wacha amalize tu. Mimi nasukuma mpaka amalize, halafu wanifukuze wakitaka."

Hakuwa analia. Alikuwa anaeleza tu, huku mkulima mmoja akingoja mbegu zake.

Kwa nini mashine yake haikujibu? Ala! Kwa sababu alikuwa anafanya kazi. Stoo ya mbolea ilikuwa nyuma ya jengo, na kila mkulima aliyetaka mfuko alipelekwa nyuma. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa ametangaza kwenye mkutano wa wafanyakazi kwamba bili ya stima imepanda, na kwamba kuanzia leo mtu akitoka ofisini, hata kwa muda mfupi, azime kila kitu ukutani. Mama huyu, mjinga wa watu, alitii. Isitoshe jirani yake alikuwa na kinu cha kusaga unga, na kinu kile kikianza kunguruma taa za mtaa mzima zinafifia na kompyuta inazima yenyewe.

Halafu kuna radi. Anayejua Karatina anajua. Msimu wa mvua, mchana ukishazeeka kidogo, ngurumo zinaanza upande wa mlima, na hapo mji mzima unachomoa plagi. Redio inachomolewa, televisheni inachomolewa, hata pasi iliyolala tangu Jumapili inatolewa ukutani na kusogezwa mbali, na vioo vinageuzwa au kufunikwa kwa leso. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo shuleni. Kila mtu ana shangazi ambaye televisheni yake ilipigwa na radi, basi yamekwisha.

Nilikuwa pale siku moja ngurumo zilipoanza. Mama alizima mashine, akachomoa plagi, akaifunika na kitambaa chake cha kushona kwa mkono, cheupe chenye maua ya pinki pembeni, kile kile ambacho kila nyumba inaweka juu ya kochi. Hatujamaliza kuketi simu ya mezani ikalia. Akaichukua. Sauti ya Mwalimu ilisikika hadi nilipokuwa mimi, kwa sababu alizungumza kwenye simu kama mtu anayeita ng'ombe.

"Uko wapi?"

"Niko ofisini, Mwalimu. Habari ya mchana?"

"Hauko! Nimekuita na kompyuta, ati muda umeisha. Nimekuita tena, muda umeisha."

"Mwalimu, lakini hii simu yenye umepiga iko ofisini. Iko hapa kwa meza. Mimi ndio nimeshika."

Nilidhani amepata aibu. Kumbe alikuwa anatafuta maneno.

"Hiyo ni simu," akasema. "Mimi naongea maneno ya kompyuta."

Akakata. Mama akaweka simu chini taratibu, akanitazama, na tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Tulicheka kwa sababu hatukujua bado kwamba mzee yule hakuwa anacheza.

Kesho yake nilimwendea. Sikutaka kumpa heshima ambayo hana, lakini nilimpa, kwa ajili ya yule mama.

"Mwalimu, ile kitu inaita mashine. Haiiti mtu."

"Na mashine itajiwasha yenyewe?"

"Hapana, lakini ikiwashwa asubuhi inaweza kukaa inajibu mpaka Krismasi, hata kama hakuna mtu ndani. Na ikizimwa mtu anaweza kuwa ameketi hapo hapo mbele yake."

Alinitazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtoto wa darasa la pili aliyekosea kujumlisha. "Wewe unamtetea kwa sababu unakunywa chai yake," akasema. "Na Kagio je? Mbona Kagio anajibu kila siku? Kagio hakuna radi? Kagio hakuna stoo?"

Eeh, Kagio. Kule Kagio alikuwa ameajiriwa kijana wa dada yake Mwalimu, na kijana huyo alikuwa mwanafunzi bora. Anaitwa asubuhi, anajibu. Anaitwa saa ya chakula, anajibu. Alisifiwa mbele yetu kwenye mkutano. "Mwangalie huyu," Mwalimu akasema, "hata kula haendi!" Watu wakampigia makofi hewa, maana hata siku hiyo kijana mwenyewe hakuwa amekuja.

Nilipata safari ya Kagio wiki iliyofuata, kupeleka karatasi. Nikakuta mlango wa ofisi umefungwa kwa kufuli. Nikachungulia dirishani, na pale nyuma ya pazia kioo cha kompyuta kilikuwa kinang'aa peke yake, hakuna mtu, hakuna kiti kilichosogezwa. Pembeni palikuwa na mama anayepika chapati.

"Unatafuta wa ofisi? Huyo ni broka wa nyanya sasa," akaniambia akigeuza chapati yake. "Anakuja Jumatatu, anafungua, anawasha hiyo kitu yake, anafunga, anaenda. Ukitaka mfuko wa fatalaisa enda kwa lile duka la kona. Sisi wote tunanunua huko."

Nilirudi Nyeri na zile karatasi kwapani. Nikamweleza Mwalimu yote: kufuli, pazia, nyanya, chapati. Alienda kwenye mashine, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Kagio ikajibu.

"Amejibu," akasema. "Sasa kama hayuko, huyo amejibu ni nani? Shetani?"

Ngai! Mtu huyu alifundisha watoto hesabu. Kuna watu wazima leo hii, huenda wengine ni madaktari, waliofundishwa kufikiri na mtu huyu. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, nikanywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo, ili nisirudi ndani na kumwambia yaliyokuwa mdomoni mwangu.

Halafu ikaja habari kwamba mama wa Karatina ameitwa mbele ya kamati. Kosa: utoro. Ushahidi: kompyuta.

Alinipigia simu siku moja kabla. Nilitaka kumfariji lakini yeye alikuwa na mpango wake, na sauti yake ilikuwa karibu na furaha.

"Kesho nitaiacha ikiwaka," akasema. "Nitafunga ofisi na nije na ufunguo. Hakuna mvua asubuhi, na mwenye kinu nimemwomba anipe mpaka mchana. Wakiita Karatina itajibu, na mimi nimesimama hapo mbele yao. Hata mtoto ataelewa, si ndio?"

"Hata mtoto," nikamwambia. Na niliamini. Sijui kwa nini bado niliamini.

Kamati ilikuwa wazee saba au wanane wenye makoti mazito na kofia, wanaume waliojua kahawa na ng'ombe na mambo ya kanisa vizuri kabisa, na ambao wangekaa kimya kwenye mambo mengine ningewaheshimu. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi marefu. Tuliombea mvua, tukaombea serikali, tukaombea kompyuta. Kisha wote wakasongamana kwenye chumba changu kidogo, nyuma ya Mwalimu, wakitupia jicho soda zilizokuwa zinangoja kwenye kreti pale kona. Mama wa Karatina alisimama kando ya kabati na mkoba wake mkononi. Alikuwa amevaa nguo yake ya kwenda kanisani.

"Wazee, muangalie wenyewe," Mwalimu akasema. "Kagio!"

Mistari ikashuka.

"Yuko," wazee wakasema kwa pamoja, wameridhika.

"Karatina!"

Nilishika ukingo wa meza. Kioo kikatulia kidogo, halafu mistari ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine. Jibu. Jibu. Jibu. Jibu.

Mwalimu alishtuka. Akasoma tena. Alikuwa ameandaa hotuba ya "hayuko" na sasa hakuwa na pa kuipeleka.

"Leo amejibu," akasema polepole.

"Kumbe yuko," akasema mwenyekiti.

"Niko wapi, mzee?" mama akauliza kutoka kando ya kabati.

"Karatina," mwenyekiti akamjibu, kwa adabu kabisa. Kisha akageuza shingo na kumwona.

Mama akasogea mbele. Hakuinua sauti. "Wazee wangu, mimi niko hapa Nyeri, mnaniona. Ofisi nimeifunga, ufunguo ni huu. Na kompyuta imewaambia niko Karatina. Sasa kama leo imedanganya nikiwa sipo, hizo siku zingine ilisema sipo ilikuwa inasema ukweli? Mimi ninaomba tu mniache nifanye kazi. Mtoto wangu anamaliza shule mwaka huu."

Nilitaka kupiga makofi. Niliwatazama wale wazee mmoja mmoja na niliona kabisa jambo limeingia. Mwenyekiti alivua kofia. Mmoja alisema "eeh" kwa sauti ndogo. Kwa muda mfupi, mimi niliyewadharau watu wale kwa moyo wangu wote, nilikuwa tayari kuwaomba msamaha.

Mwalimu akavua miwani. Akahema kwa huzuni, kama mwalimu mkuu aliyekosewa na mwanafunzi aliyempenda.

"Kwa hivyo," akasema, "umekuja Nyeri, ofisi umefunga, na mashine ya chama umeacha ikiwaka?"

Mama akatazama ufunguo mkononi mwake.

"Hakuna mtu ndani, na stima inakula? Si mimi mwenyewe nilisema kwa mkutano, mtu akitoka anazima? Wazee, mimi nilisema ama sikusema?"

"Ulisema," wakajibu.

Mngewaona! Walivyofufuka! Mambo ya mashine kujibu na kutojibu yalikuwa yamewachosha, lakini stima waliijua. Stima inakuja na bili. "Stima ya wakulima!" akasema mmoja akipiga goti lake. "Na amekubali mwenyewe!" akasema mwingine. Mwenyekiti akarudisha kofia kichwani.

"Na Kagio je?" nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu. "Kagio nani anazima? Kagio ni kufuli na nyanya! Kagio inawaka wiki nzima!"

Mwenyekiti alinigeukia kwa upole. "Kagio amejibu," akanieleza. "Sote tumeona."

Walimwachisha kazi pale pale, wakamwambia aweke ufunguo mezani. Wakafunga kwa maombi. Soda zikafunguliwa, na mzee mmoja, nadhani alikuwa na nia njema, akamnyooshea mama chupa. "Kunywa, mama, safari ni mbali." Mama akaipokea kwa mikono miwili jinsi alivyofunzwa kwao, akaiweka juu ya kabati bila kuionja, akaaga kila mtu na kutoka.

Niliapa sitalia kwa sababu ya watu wale na nikalia, huko chooni, kwa hasira tupu. Jumapili nilienda Karatina kusaidia kufunga mizigo. Mwenye nyumba alikuwa ameshapata mpangaji mwingine. Msichana alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye katoni kwa utaratibu, vya hesabu chini na vya historia juu, na kila alipomaliza alivitoa na kuvipanga upya. Mama alizungumza na mwalimu wa darasa, akazungumza na mama mmoja wa kanisani kama angeweza kumlaza binti mpaka mtihani uishe. Yule mama wa kanisani alisema ataomba kuhusu hilo. Bado anaomba, nadhani.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, Mwalimu aliniondoa kwenye kiti changu na kuketi. Ufunguo wa ofisi ya Karatina ulikuwa pale mezani mbele yake, mahali ulipowekwa siku ya kamati. Hakuna mtu aliyekuwa ametumwa huko. Mlango ulikuwa umefungwa, wakulima walikuwa wanafika na kugeuka, kinu cha jirani kilikuwa kimekatika mkanda tangu siku ile ya kamati, na ndani mashine ilikuwa inawaka vile vile mama alivyoiacha.

"Kagio!" akaita. Kagio ikajibu.

"Karatina!" Karatina ikajibu.

Akajiegemeza kwenye kiti changu, akashika ule ufunguo na kuanza kujikuna nao sikio, ameridhika. "Umeona?" akaniambia. "Tangu yule mama aende, Karatina wako kazini."

Saa hiyo walikuwa ndani ya basi, mama na watoto wake, wamepita Nakuru. Mtihani wa Kidato cha Nne ulianza baada ya majuma machache, na msichana hakuufanya.